Kahawa ya Bei Nafuu Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wageni wa Doutor

Kila mtu wangu wa karibu akipata tiketi ya kwenda Japani, kabla hajauliza habari ya baridi, ananiuliza atakunywa wapi kahawa bila kufilisika. Nilisoma Tokyo, na sehemu kubwa ya masomo hayo niliifanyia kwenye meza ndogo za Doutor, kwa hiyo majibu ninayo. Nimeyakusanya hapa ili nisiyaandike upya kwenye WhatsApp kila mwezi.

Doutor ni nini hasa?

Ni mikahawa ya Kijapani yenye matawi zaidi ya 1,000 nchini humo, mengi yakiwa hatua chache kutoka vituo vya treni. Si mahali pa kwenda kupiga picha ya kuwaonyesha watu. Ni mahali pa mfanyakazi anayetaka dakika kumi na tano kabla ya kuingia ofisini, mzee anayesoma gazeti, mwanafunzi mwenye mtihani kesho. Wajapani hutamka "Dotooru".

Jina lenyewe ni la Kireno, maana yake "daktari". Mwanzilishi wake, Toriba Hiromichi, alikwenda Brazili akiwa kijana kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, na mjini São Paulo aliishi kwenye mtaa wa Doutor Pinto Ferraz. Aliporudi akaanzisha kampuni ya kukaanga na kuuza buni kwa jumla mwaka 1962, akaipa jina la ule mtaa. Kwa hiyo ukimwona mgeni anauliza kama kuna daktari ndani, mwambie daktari alibaki São Paulo.

Kwa nini bei yao iko chini kuliko mikahawa mingine?

Mwaka 1971 Toriba alitembelea Ulaya. Mjini Paris aliwaona watu wakinywa kahawa wamesimama kaunta, kwa sababu kusimama kulikuwa rahisi kuliko kukaa mezani. Wakati huo Japani ilikuwa na mikahawa ya mtindo wa zamani inayoitwa kissaten, yenye viti vya mahameli, taa hafifu, mwenye duka anayechuja kikombe kimoja kimoja kama anapima dawa, na bei ya kulingana na hayo yote. Toriba akaona siku itafika Wajapani nao watakunywa wamesimama.

Ilifika mwaka 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda mara ya pili na mifuko ya watu kusinyaa. Alifungua duka dogo Harajuku, Tokyo, kikombe kwa yeni 150, takribani nusu ya bei ya kissaten. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama mtu atakunywa kila siku, bei isimuume kila siku.

Siri ya bei iko wazi ukiingia tu. Unajihudumia mwenyewe. Meza ni ndogo kama sinia. Viti vimebanana. Watu hawakai siku nzima, kwa hiyo kiti kimoja huuzwa mara nyingi. Na buni wanazikaanga wenyewe, kwa moto wa moja kwa moja. Unacholipia hasa ni kiti na utulivu katikati ya jiji lisilo na benchi za kutosha; kahawa ni kama risiti yake.

Kikombe ni kiasi gani kwa sasa?

Kahawa ya kawaida, saizi ndogo, huzunguka kwenye yeni 300, yaani kama dola 2 za Marekani. Bei zimepanda miaka ya karibuni kama kila mahali, na matawi ya viwanja vya ndege na baadhi ya maeneo ya katikati ya jiji yanaweza kuwa juu kidogo. Mkate wenye nyama au samaki ndani yake utakupeleka kwenye yeni 500 na ushee. Kama umezoea kahawa chungu ya kijiweni, ile ya kikombe kisicho na mkono na kashata pembeni, utaguna. Lakini linganisha na bei za hoteli uliyofikia halafu urudi hapa tuongee.

Nikiingia nianzie wapi? Nikae au niende kaunta?

Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Kwetu ukiingia unakaa, mhudumu anakuja na kitambaa, anafuta meza, anauliza utakula nini. Siku yangu ya kwanza mjini, katika mkahawa mwingine kabisa wa mtindo huu, nilikaa hivyo hivyo. Dakika ishirini. Niliona wahudumu wanapita na trei, wananiinamia kidogo, wanaendelea na safari. Nikaanza kufikiria mambo ya ubaguzi. Mpaka mama mmoja wa makamo wa meza ya jirani akaninyooshea kiganja kuelekea kaunta, kwa upole wa mtu anayemwonyesha mtoto njia ya chooni. Nilitamani sakafu inimeze.

Utaratibu ni huu. Kama kuna watu wengi, tafuta kiti kwanza. Weka kitu mezani kuonyesha pamekaliwa, kisha nenda kapange foleni. Katika saa za msongamano baadhi ya mikahawa huweka hata kibao kinachokuomba ushike kiti kabla ya kuagiza. Kama pako wazi, nenda kaunta moja kwa moja.

Kitu gani cha kuweka? Wenyeji huweka leso. Nasema leso kwa maana ya Dar, ile ya kujifutia jasho, si leso ya Mombasa ya kujifunga kiunoni, ingawa hiyo nayo ingeshika meza mbili kwa mpigo. Wajapani wengi hutembea na leso mfukoni kwa sababu vyoo vingi vya umma havina karatasi za kukaushia mikono. Wengine huacha mwavuli, kitabu, kofia. Utawaona pia walioacha simu au mkoba mzima na kwenda kupanga foleni mgongo ukiwa umegeuzwa. Mimi hilo nilishindwa. Miaka yote niliyokaa pale, pochi na pasipoti nilikwenda navyo, nikaacha daftari. Nakushauri ufanye vivyo hivyo. Nchi kuwa na amani si sababu ya kuipa pasipoti yako kazi ya ulinzi.

Sijui Kijapani hata neno moja. Nitaagizaje?

Una faida ambayo Mzungu hana. Irabu za Kijapani ni zile zile tano zetu, a, e, i, o, u, na silabi zao karibu zote huishia kwa irabu kama zetu. Soma neno la Kijapani lililoandikwa kwa herufi za Kilatini kama unavyosoma Kiswahili na utaeleweka. Nilishawahi kusifiwa "Kijapani chako kizuri" baada ya kusema maneno matatu, yote majina ya vinywaji.

Saizi ni esu, emu na eru: ndogo, ya kati, kubwa. Kahawa ni koohii, ya moto ni hotto, ya barafu ni aisu. Kahawa ya kawaida ya nyumba ni burendo. Kwa hiyo "Burendo, hotto, esu, onegai shimasu" ni sentensi iliyokamilika, na hilo la mwisho ndilo "tafadhali". Ukikwama, menyu yenye picha iko juu ya kaunta. Weka kidole, sema "kore", yaani "hii".

Ukiingia utasikia "Irasshaimase!" Ni karibu yao. Sisi tuliolelewa kwamba salamu isipoitikiwa ni utovu wa adabu tunapata shida sana hapa, maana wenyeji hupita kimya kana kwamba hawajasikia. Hawategemei jibu. Mimi nilimaliza ubishi na nafsi yangu kwa kutikisa kichwa kidogo.

Muuzaji ameniuliza kitu kabla sijataja kinywaji. Anataka nini?

Karibu hakika anauliza kama unakunywa ndani au ufungiwe. Utasikia neno "tennai" (ndani) au "mochikaeri" (kufungiwa). Jibu "tennai de" au "mochikaeri de", basi.

Swali hilo si adabu tu, lina pesa ndani yake. Tangu Oktoba 2019 kodi ya mauzo Japani ni asilimia 10 ukila ndani na asilimia 8 ukifungiwa chakula au kinywaji kisicho na kileo. Ndiyo maana kwenye menyu nyingi utaona bei mbili zinazopishana kwa yeni chache. Usiseme "mochikaeri" halafu ukajikaribisha kwenye kiti. Hakuna atakayekugombeza, lakini watajua.

Nalipaje? Na bakshishi?

Bakshishi hakuna. Ukiacha sarafu mezani, mhudumu anaweza kukukimbilia barabarani akidhani umezisahau.

Kulipa si tabu: pesa taslimu, kadi za benki katika matawi mengi, na kadi za treni kama Suica na PASMO. Kadi ya treni ndiyo naipenda zaidi: unaigusisha kwenye mashine, inalia, umemaliza. Ukilipa taslimu, usimpe muuzaji pesa mkononi. Kuna kisahani kidogo mbele ya mashine. Weka noti hapo, na chenji pia mara nyingi itawekwa hapo au kukabidhiwa na risiti. Noti ya yeni 10,000 kwa kahawa ya 300 haimkunji mtu uso. Jaribu jambo hilo Kariakoo asubuhi uone.

Kahawa yenyewe ikoje?

Nyeusi, iliyokaangwa vya kutosha, chungu kiasi, haina uchachu mwingi. Ukinywa ndani utapewa kikombe cha kauri na kisahani chake. Ni kidogo. Watu waliozoea vikombe vya Kimarekani vya kujaza ndoo hulalamika, lakini mtu wa Pwani atakiona cha kutosha kabisa.

Sukari na maziwa haviko mezani. Viko kaunta au kwenye meza ya pembeni karibu na tishu na vijiko. Na hapa kuna jambo linalowachanganya watu. Kwa kahawa ya barafu hawakupi sukari ya unga, kwa sababu haiyeyuki kwenye baridi. Unapewa kikopo kidogo cha plastiki chenye maji mazito yasiyo na rangi, wanayaita gamu shiroppu. Ni sukari tupu iliyokwisha yeyushwa. Kikopo cha pili chenye kitu cheupe ni krimu ya kahawa. Mwenzangu mmoja kutoka Arusha aliimimina ile shira akidhani ni maji ya kupunguza ukali, akaongeza ya pili, akanywa, akanyamaza muda mrefu.

Kahawa ya barafu, aisu koohii, ijaribu hata kama wazo lenyewe linakukera. Julai na Agosti Tokyo ina joto na unyevu wa Dar ya Februari, bila upepo wa bahari.

Sinywi kahawa. Naweza kupata chai ya maziwa?

Ndiyo, na pengine hapa ndipo utakapojisikia nyumbani. Tafuta "roiyaru miruku tii". Ni chai nyeusi yenye maziwa mengi, si kikombe cha maji ya moto na tone la maziwa juu. Haina tangawizi wala iliki, lakini ina uzito wa chai ya kupikwa.

Angalia maneno. Ukisema "chai" kwenye mkahawa wa Kijapani, wataelewa chai ya viungo ya Kihindi, ambayo si kila mahali ipo. Ukisema "ocha" ni chai ya kijani. Chai nyeusi ni "koocha". Neno ni moja limesafiri kutoka Uchina kwa njia tofauti. Sisi limetufikia kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi, wao moja kwa moja. Kuna pia kakao ya moto, juisi, na kinywaji cha matcha, yaani unga wa chai ya kijani, na maziwa. Asiyepatana na maziwa ya ng'ombe aulize "toonyuu", maziwa ya soya.

Mimi ni Mwislamu. Kuna ninachoweza kula?

Kinywaji, hakuna shida. Chakula, tulia usome.

Mkate maarufu wa Doutor ni Mirano Sando, mkate mrefu wa kukandamizwa kama wa Kiitaliano, ambao huja kwa herufi A, B na kadhalika. Ile A kwa kawaida ni nyama za nguruwe za aina mbalimbali zilizopangwa pamoja. Kwa lugha ya mtaani, kitimoto cha tabaka tatu. Jaaman Doggu, mkate wenye soseji ndefu na haradali, nao soseji yake ni ya nguruwe. Aina za kamba au samaki huwepo mara nyingi, lakini menyu hubadilika na misimu, kwa hiyo usikariri herufi, soma viungo.

Utasomaje? Jifunze alama moja tu: 豚. Hiyo ni nguruwe. Ipige picha uiweke kwenye simu. Kuna msaada mwingine ambao watu hawaujui: makampuni ya chakula Japani hutoa jedwali la vitu vinavyodhuru watu wenye mzio. Mbali na vile vinavyolazimishwa na sheria, kama mayai, maziwa, ngano na kamba, kuna orodha ya vingine vinavyopendekezwa kutajwa, na humo nguruwe na jelatini vimo. Omba "arerugii" na utaonyeshwa jedwali au namna ya kulipata kwenye simu. Jedwali halisemi habari za kileo, na keki za Kijapani zinapenda ramu, hasa zile za chestinati, aina ya njugu. Ukiwa mtu wa kujichunga sana, kunywa chai yako kwa amani na ukale kwenye migahawa yenye cheti cha halali, ambayo Tokyo inayo.

Mla mboga naye aulize. Mkate unaoonekana wa jibini na lettusi tu unaweza kuwa na kipande chembamba cha nyama kimejificha chini, kwa mtazamo wa mpishi kwamba hicho si nyama, ni ladha.

Kifungua kinywa je?

Matawi mengi hufunguliwa saa moja asubuhi, mengine mapema zaidi, na huwa na seti ya asubuhi, mkate wa moto na kinywaji, kwa takribani yeni 500. Huisha katikati ya asubuhi. Usitarajie chapati na maharage, lakini kwa bei hiyo karibu na kituo cha Shinjuku au Ueno hupati kitu cha maana zaidi ukiwa umekaa.

Naweza kukaa muda gani? Nina kompyuta.

Hakuna atakayekufukuza baada ya nusu saa. Hakuna pia atakayekuongezea kahawa bure. Intaneti ya bure ipo katika matawi mengi. Soketi za kuchajia zipo katika baadhi, kwa kawaida kwenye kaunta ndefu inayotazama dirisha, na huwa zimekaliwa na mtu aliyefika kabla yako. Plagi za Japani ni za miguu miwili bapa kama za Marekani. Ile yetu ya Kiingereza ya miguu mitatu minene haiingii hata ukiilazimisha, kwa hiyo njoo na adapta.

Katika saa za chakula cha mchana baadhi ya mikahawa jijini huweka kikaratasi kinachoomba watu wasizidishe dakika tisini au saa mbili, au wasifanye masomo. Kikaratasi hicho kiheshimu. Hakuna mlinzi wa kukitekeleza. Kinatekelezwa na aibu.

Ongea kwa sauti ya chini. Simu ikiita, watu hutoka nje kuipokea. Mtu aliyezoea kijiwe cha kahawa, ambapo siasa za nchi nzima hutatuliwa kabla ya magharibi, ataona pale kama msibani. Watu arobaini, vikombe arobaini, na unasikia kurasa zikifunuliwa. Wiki za kwanza ulinitesa ukimya ule. Baadaye nikawa nauendea.

Nimeona chumba cha kioo chenye moshi. Nacho ni cha nini?

Chumba cha wavuta sigara. Zamani mikahawa hii ilijaa moshi hata sehemu isiyo ya wavutaji. Tangu Aprili 2020 sheria imekataza kuvuta ndani isipokuwa katika vyumba maalumu vilivyotengwa. Mtu wa chini ya miaka 20 haruhusiwi kuingia humo hata akiwa na mzazi, hata kama havuti. Kwa hiyo ukiwa na watoto, usivutiwe na kiti kitupu cha nyuma ya kioo.

Nikimaliza, naacha vyombo mezani?

La. Trei unairudisha mwenyewe mahali palipoandikwa 返却口, kwa kawaida ni kabati lenye rafu na matundu ya takataka karibu na kaunta au ngazi. Hapo kuna mtihani mdogo. Barafu na kinywaji kilichobaki vinamwagwa kwenye tundu lake. Plastiki, yaani mrija, kifuniko na vikopo vya shira, ina tundu lake. Karatasi, tundu lake. Vikombe vya kauri na bilauri vinawekwa juu ya rafu, trei zinapangwa moja juu ya nyingine. Michoro ipo. Ukichanganyikiwa, simama kidogo umwangalie aliye mbele yako. Ukizidiwa kabisa, weka trei kwenye rafu na useme "sumimasen", samahani, mhudumu atamalizia.

Angalia pia wanavyofanya kabla ya kuondoka: mtu anachukua tishu, anafuta duara la maji lililoachwa na bilauri, anarudisha kiti chini ya meza. Kisha, akipita karibu na kaunta, anasema kwa sauti ndogo "gochisoosama deshita", shukrani ya aliyelishwa. Ukiisema hiyo, wahudumu watatabasamu kweli, si lile tabasamu la kazi.

Na nikifungiwa, kikombe nitakitupa wapi?

Swali zuri, na jibu halipendezi. Mitaa ya Japani karibu haina mapipa ya takataka. Nimewahi kutembea na kikombe kitupu kutoka Shibuya mpaka chumbani kwangu, treni mbili, kama mtu aliyebeba yai. Nywea ndani au karibu na duka, ukirudishe. Au kaa nacho mpaka hotelini.

Je, nitakuta kahawa ya nyumbani?

Katika kikombe cha kawaida cha Doutor unakunywa mchanganyiko, kwa hiyo usitegemee kuonja kijiji fulani. Lakini ingia duka lolote linalouza buni, au kissaten ya zamani, usome orodha. Utakuta neno "Kirimanjaro". Kijapani hakitofautishi l na r. Wajapani wanalijua jina hilo kama sisi tunavyolijua jina Toyota, na mlima wenyewe kwao ni kahawa kabla ya kuwa mlima. Japani imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa arabika ya Tanzania.

Kinachochekesha ni maana wanayolipa neno. Kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa Japani, "Kilimanjaro" ni arabika ya Tanzania isipokuwa ile ya Bukoba. Kwa hiyo kahawa iliyolimwa Mbinga au Mbozi, mamia ya kilomita kutoka Moshi, ikifika Yokohama inageuka kuwa Kilimanjaro bila kupanda mlima wowote. Na mchanganyiko ukitaka kubeba jina hilo sharti angalau asilimia 30 ya buni zake ziwe ndizo zenyewe. Mhaya mmoja tuliyesoma naye hakuwahi kuisamehe ile "isipokuwa". Alikuwa akiwasomea Wachaga kanuni nzima kwenye kila sherehe.

Kahawa ya Kenya nayo ipo, kwa jina lake, na wauzaji huisifia uchachu wake. Ukimwambia mwenye kissaten kwamba unatoka huko, jiandae kukaa. Mmoja alinitolea gunia tupu lenye maandishi "Produce of Tanzania" alilolitundika ukutani, akataka nimsomee kila kitu kilichoandikwa. Kahawa ya pili hakunitoza.

Kuna mikahawa mingine ya bei hiyo?

Ipo. Café Veloce iko kwenye kundi hilo hilo. Kwenye vituo vya treni vya mashariki mwa nchi kuna Becks. Saint Marc hujulikana kwa mkate wake wa tabaka wenye chokoleti ndani, na ule ukiwa wa moto hauna mpinzani.

Komeda, iliyoanza Nagoya mwaka 1968, ni jambo tofauti: unakaa, unaletewa, viti ni vipana, kinywaji ni ghali zaidi. Ila ukiagiza kinywaji kabla ya saa tano asubuhi unapewa na tosti bila kulipia. Kwa mwenye njaa hesabu inaweza kuja sawa.

Ukiwa huna hata yeni 300, duka lolote la Seven-Eleven lina mashine ya kahawa ya kujichujia; walianza nayo nchi nzima mwaka 2013 na bado ni chini ya yeni 200. Lakini mengi hayana kiti, na kiti, kama nilivyosema, ndicho ulichofuata.

Choo kipo?

Katika matawi mengi kipo, kimoja, na foleni yake. Katika mengine unaelekezwa kwenye choo cha jengo. Vitufe ukutani ni vingi; cha kuvutia maji mara nyingi kiko mbali na vingine, na ndicho cha kutafuta kwanza kabla ya kubonyeza kingine chochote.

Nimesahau kitu changu mezani. Nifanye nini?

Rudi. Uwezekano wa kukikuta ni mkubwa kuliko unavyoamini. Waambie kaunta "wasuremono", kitu kilichosahaulika, na uonyeshe ukubwa wake kwa mikono. Kama siku zimepita, huenda kimepelekwa polisi, kwenye kituo kidogo cha mtaa kinachoitwa kooban.

Mimi nilisahau kofia ya barakashia niliyotumiwa na mjomba kutoka Lamu. Nilirudi baada ya siku mbili. Msichana wa kaunta aliinama, akaingia nyuma, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe, wenye kikaratasi cha tarehe, saa na namba ya meza. Ndani, kofia ilikuwa imejazwa tishu ili isibonyee.